Matunda Wakati wa Baridi: Somo kwa Mama Mjamzito na Wanaomtunza



Ndugu zangu wanafunzi, likizo ya Julai nilikaa kwa dada yangu Kabale. Anayeujua mji huo anajua baridi yake: uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hufunika mabonde yote. Dada alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kliniki walikuwa wamemwambia damu yake ni pungufu, wakampa vidonge na kumsisitizia ale mboga na matunda. Lakini nyumbani mama mkwe wake alikuwa amekataza matunda mpaka baridi iishe. Alisema matunda ni baridi, yatamwingia mtoto kifuani.

Usiku mmoja dada akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma dini. Nimsikilize mama au nimsikilize mkunga?" Sikuwa na jibu la haraka. Somo hili limetokana na swali lake.

Dini inatufundisha nini?

Tusome Surat Maryam, aya ya 23 hadi 26. Bibi Maryam (a.s.) aliposhikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, Allah alimpa kijito cha maji na tende mbivu, akaamrishwa ale, anywe na atulie. Tazama pia kwamba aliambiwa alitikise shina la mtende, naye yu katika hali ya udhaifu. Angeweza kuletewa tende bila kunyoosha mkono. Wanazuoni wanatukumbusha hapa kwamba kumtegemea Allah hakuondoi wajibu wa kufuata sababu. Basi vidonge vya kliniki ni sababu, na tunda ni sababu.

Na kuhusu ubaridi wa matunda, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akila tikiti pamoja na tende mbivu, joto la kimoja likipunguza baridi ya kingine. Hakuliacha tunda, alilisawazisha. Na asili ya vyakula ni halali mpaka pawepo dalili ya madhara.

Tuchague nini?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Katika soko la miji yetu, hata wakati wa baridi, haya hupatikana:

1. Machungwa, mapera na pasheni. Yana vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Kwa hiyo yaliwe pamoja na chakula chenyewe. Chai hufanya kinyume: huzuia madini hayo. Dada alikuwa akinywa chai kila baada ya maharage ili apate joto! Asubiri angalau saa moja.

2. Parachichi. Lina foleti, inayohitajika katika ukuaji wa mtoto, pamoja na mafuta mazuri.

3. Ndizi mbivu. Hutia nguvu, na huvumilika hata kwa mwenye kichefuchefu.

4. Papai lililoiva vizuri. Husaidia choo, maana ujauzito na vidonge vya madini ya chuma huleta choo kigumu. Papai bichi lenye utomvu aliepuke.

5. Tende kavu. Hazina msimu. Chache zinatosha, kwa kuwa zina sukari nyingi.

Tule namna gani?

Tunda lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, hata lile litakalomenywa. Tusinunue vipande vilivyokatwa na kukaa wazi barabarani. Tunda zima ni bora kuliko juisi. Mwenye kisukari cha mimba afuate kiasi alichopangiwa na daktari. Anayeogopa baridi asilile moja kwa moja kutoka kwenye friji; aliache ndani kwanza lipoe ubaridi. Maji nayo yasisahaulike, kwani wakati wa baridi kiu hupungua ilhali haja ya mwili ipo palepale. Zaidi ya yote, matunda hayachukui nafasi ya vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi.

Tulizungumzaje na mama?

Sikuona adabu kumwambia mama mkwe kwamba amekosea. Yeye alihofia mjukuu wake, nasi tulihofia huyohuyo. Nilimsimulia habari ya Bibi Maryam, kisha ile ya tikiti na tende. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na chungwa likiwekwa karibu na jiko?" Nikasema, "Hapo limepata dawa, Mama." Kesho yake alimmenyea dada chungwa mwenyewe, akamwekea kando ya sahani ya maharage.

Nilipoondoka, kipimo kingine cha damu kilikuwa bado. Tunaomba dua huku vidonge na matunda vikiendelea.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna dada, mke au shangazi mwenye mimba. Ukienda kumjulia hali, usiende mikono mitupu. Mchukulie machungwa.

Allah awahifadhi mama zetu na watoto walio matumboni. Amin.