Je, Mchezaji wa Kandanda wa Kulipwa Humwogopa Mpinzani Wake?

Watazamaji wa kandanda hupenda kuwagawa wachezaji katika mafungu mawili: mashujaa wasiojua hofu, na waoga wanaotetemeka mbele ya timu kubwa. Mgawanyo huo ni rahisi kuutamka, lakini hauafikiani na yale yaliyothibitishwa na elimu ya viumbe na saikolojia. Mchezaji wa kulipwa ana ubongo, moyo na tezi za aina ile ile aliyo nazo mwanafunzi anayesubiri karatasi ya mtihani. Makala haya yanaeleza jinsi hofu inavyofanya kazi mwilini, ni kitu gani hasa mchezaji hukiogopa, na kwa nini hofu humsaidia mmoja na kumwangusha mwingine.

Hofu katika Mwili

Hofu ni matayarisho ya mwili mbele ya hatari. Macho na masikio yanapopokea dalili ya hatari, habari hufika katika sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, yenye umbo la lozi. Amigdala huiarifu sehemu nyingine, haipothalamasi, nayo hutumia njia mbili kuutayarisha mwili. Njia ya kwanza ni ya neva, nayo ni ya haraka: amri hushuka hadi kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, na tezi hizo humwaga adrenalini katika damu mnamo sekunde chache. Njia ya pili ni ya homoni, nayo ni ya polepole: tezi ya pituitari huzichochea tezi zile zile za adrenali kutoa kortisoli, ambayo kiasi chake katika damu huendelea kupanda kwa dakika kadhaa.

Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kuogopa. Moyo hupiga kwa kasi. Vijia vya hewa vya mapafu hupanuka. Ini hugeuza glaikojeni iliyohifadhiwa kuwa glukosi na kuiingiza katika damu. Damu hupunguzwa tumboni ikaongezwa kwenye misuli mikubwa, hasa ya miguu. Mate hupungua na kinywa hukauka, tumbo huvurugika, viganja hutoa jasho. Dalili hizi humsumbua mtu aliyeketi, lakini kwa mtu anayetakiwa kukimbia au kupambana ni msaada mkubwa. Wahenga waliotuachia methali isemayo, “Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio,” walitambua kwamba hofu ni mlinzi wa uhai.

Uchunguzi wa Cannon

Mmoja wa wanasayansi wa kwanza kuyapima mambo haya kwa wanamichezo alikuwa Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1913, baada ya mchezo wa mwisho na wa kusisimua kuliko yote katika msimu, yeye na mwenzake Fiske walichunguza mkojo wa wachezaji 25 wa timu ya chuo hicho. Mchezo wenyewe ulikuwa kandanda ya Kimarekani, ambayo huchezwa zaidi kwa mikono na kwa mpira wenye umbo la yai. Katika mkojo wa wachezaji 12 ilionekana sukari.

Kwa kawaida figo huirudisha glukosi katika damu, na haipiti kwenye mkojo. Ikionekana humo kwa mtu mwenye afya, yaelekea ini limemwaga glukosi nyingi kwa ghafla kuliko figo zinavyoweza kuirudisha. Lakini jambo lililo muhimu zaidi ni hili: watano kati ya wale 12 walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuingia uwanjani hata kidogo. Hawakukimbia wala hawakugongana na mtu yeyote. Waliketi pembeni wakitazama na kungoja kuitwa. Kwa hiyo sukari yao haikuletwa na kazi ya misuli. Ililetwa na msisimko wa moyo. Cannon alieleza matokeo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1915.

Ni Nini Kinachoogopwa?

Sasa tuulize: je, kinachoogopwa ni mpinzani? Mara nyingine ndiyo. Beki akimwona mshambuliaji mwenye mbio nyingi kumzidi huingiwa na wasiwasi, na mchezaji aliyepona jeraha la goti huenda akasita kuuwania mpira mbele ya mguu wa mwenzake. Hata hivyo, mpinzani mkali hauletei mwili hofu peke yake. Mwaka 2003 watafiti nchini Uingereza, Nick Neave na Sandy Wolfson, walieleza matokeo ya kupima homoni ya testosteroni katika mate ya wachezaji wa kandanda. Kiasi chake kabla ya mchezo kilikuwa kikubwa zaidi timu ilipocheza nyumbani kuliko ugenini, na kikubwa zaidi ilipokabili mahasimu wakubwa kuliko wapinzani wa kawaida. Mwili wa mchezaji, basi, unaweza kumpokea hasimu kama mtu wa kukabiliwa, si wa kukimbiwa.

Maelezo ya wachezaji wenyewe yanaelekeza upande mwingine. Per Mertesacker, beki wa Ujerumani aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 2014, alisema katika mazungumzo na jarida la Der Spiegel mwaka 2018 kwamba kabla ya michezo alikuwa akiharisha, na kwamba muda mfupi kabla ya filimbi alipatwa na kichefuchefu. Aliongeza kuwa Ujerumani ilipotolewa na Italia katika nusu fainali ya mwaka 2006 alisikitika, lakini zaidi ya yote alipata nafuu, kwa sababu mzigo ulikuwa umekwisha kutuliwa. Mtu anayemwogopa mpinzani hupata nafuu anapomshinda. Mertesacker alipata nafuu akiwa ameshindwa. Kilichomlemea kilikuwa hukumu ya watu.

Mfano mwingine ulio mchungu zaidi ni wa timu ya Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika Kombe la Dunia la mwaka 1974. Baada ya kufungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0, Zaire ilikutana na Brazil tarehe 22 Juni. Brazil ilipopewa mpira wa adhabu, beki Mwepu Ilunga alichomoka kutoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali kabla Mbrazil hajaugusa. Akaonyeshwa kadi ya njano. Kwa miaka mingi tukio hilo lilichekwa, ikidhaniwa kwamba Waafrika hawakujua sheria za mchezo. Baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba alizijua vema. Kwa maelezo yake, walinzi wa Rais Mobutu walikuwa wamefika hotelini na kuwatisha wachezaji kwamba wakifungwa mabao manne na Brazil, hakuna atakayerudi nyumbani. Mchezo uliisha kwa mabao 3 kwa 0. Waliocheka walitazama mguu wa mchezaji. Hawakutazama kilichokuwa nyuma yake.

Penalti: Maabara ya Hofu

Ili kutenganisha hofu ya mpinzani na hofu ya matokeo, yafaa kuchunguza hali ambayo mpinzani habadiliki bali matokeo hubadilika. Hali hiyo ni mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi. Mpira huwekwa mita 11 kutoka kwenye lango lenye upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na mbele ya mpigaji yupo mlinda mlango peke yake. Kwa mchezaji wa kulipwa kazi hiyo si ngumu.

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, akishirikiana na Esther Hartman, alichunguza picha za video za mikwaju hiyo katika mashindano makubwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Wachezaji ambao bao lao lingeipa timu ushindi papo hapo walifunga zaidi ya mara tisa katika kumi. Wale ambao kukosa kwao kungeifanya timu ishindwe papo hapo walifunga takriban mara sita tu katika kumi. Umbali ni ule ule na lango ni lile lile. Kilichobadilika ni maana ya mkwaju. Kundi la pili, zaidi ya la kwanza, lilionyesha dalili za kukwepa: kumpa mlinda mlango kisogo au kuangalia kando, na kuharakisha kupiga ili mateso yaishe.

Nchini Uingereza, Mark Wilson na wenzake walionyesha mwaka 2009 jinsi hofu inavyoharibu shabaha. Walifuatilia mwendo wa macho ya wapigaji kwa chombo maalumu. Wapigaji walipotiwa wasiwasi, macho yao yalimwendea mlinda mlango mapema zaidi na kukaa kwake muda mrefu zaidi, na mipira yao ikaenda karibu naye. Hofu hulivuta jicho kwenye kitu cha kutisha, na mguu hulifuata jicho.

Kwa Nini Mmoja Husimama na Mwingine Huanguka?

Mwaka 1908 Wamarekani Yerkes na Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi, wakiwaadhibu waliokosea kwa mshtuko wa umeme. Tofauti ya visanduku ilipokuwa rahisi kuonekana, mshtuko mkali uliharakisha kujifunza. Ilipokuwa ngumu, mshtuko wa kadiri ndio uliofaa zaidi, uliozidi ulichelewesha. Binadamu si panya, wala kanuni hii haielezi kila jambo. Hata hivyo inasaidia kufahamu kwa nini msisimko mkubwa unaweza kumfaa beki anayekimbilia mpira, ukamharibia mpigaji wa penalti anayehitaji utulivu.

Zaidi ya kiasi cha msisimko, kuna jinsi mtu anavyoutafsiri. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Marekani alieleza majaribio ambamo watu waliokabiliwa na kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu waliambiwa wajisemee kwamba wamechangamka, badala ya kujilazimisha kutulia. Walifanya vizuri zaidi. Moyo unaokwenda mbio ni ule ule. Jina lake ndilo lililobadilishwa.

Katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika tarehe 12 Februari 2012, Zambia ilikutana na Ivory Coast iliyopewa nafasi kubwa ya kushinda. Mchezo ulichezwa Libreville, mji ambao karibu na pwani yake ndege ya timu ya Zambia ilianguka mwaka 1993 na kuwaua wote waliokuwamo. Baada ya sare ya bila bao, mikwaju ikaanza, na Wazambia wakasimama pamoja wakiimba. Walishinda kwa mikwaju 8 kwa 7. Mfano mmoja hauthibitishi kwamba wimbo hufunga mabao, kwani Wazambia nao walikosa mkwaju mmoja. Lakini waimbaji hao hawakuwa watu wasio na hofu. Walikuwa na kazi nyingine ya kuufanyia msisimko wao.

Jibu la swali letu, basi, ni kwamba mchezaji wa kulipwa huogopa, na mpinzani ni sehemu ndogo tu ya hofu hiyo. Mazoezi ya miaka mingi hayaing'oi amigdala. Humfundisha mtu mahali pa kuelekeza macho na fikira wakati moyo unapokwenda mbio. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi “Usiogope” anamwagiza jambo lisilowezekana. Anayemwambia “Soma swali la kwanza polepole” anampa kazi. Na anayemtisha kwa aibu ya kushindwa humweka katika kundi la wale waliofunga mara sita katika kumi.

Zoezi la Darasani

1. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo yake ya moyo kwa dakika moja akiwa ameketi. Kisha mwalimu atangaze kwamba mmoja wa waliojitolea ataitwa kufanya hesabu ubaoni, na kabla ya kumtaja, waliojitolea wahesabu tena. Linganisha na wachezaji wa akiba wa Cannon. Asilazimishwe wala kuchekwa mtu.

2. Shika mshipa wa kifundo cha mkono, vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Mapigo hubadilikaje unapotoa pumzi? Eleza kazi ya neva ya vagasi.

3. Kwa nini si sahihi kusema kwamba Mwepu Ilunga hakuzijua sheria? Ni ushahidi wa namna gani unaohitajika kabla ya kumhukumu mtu kuwa mjinga au mwoga?