Mafuta ya Mkaratusi Wakati wa Baridi

Mtu wa Ulaya akisikia kwamba sisi wa Rubona tunalalamikia baridi, huenda atacheka, maana huku kwetu hakuna theluji. Lakini Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vilivyo nyuma yetu ni virefu zaidi. Tangu Juni hadi Agosti mvua hukatika. Usiku mbingu hubaki bila mawingu, joto la ardhi hupanda na kupotea, na alfajiri wavuvi wa sambaza hurudi pwani wakitetemeka. Mchana lipo vumbi. Katika miezi hiyo kikohozi hakikosekani nyumbani kwetu.

Dawa ya kwanza katika nyumba nyingi ni moja. Huchumwa majani ya mkaratusi, ambao kwa Kinyarwanda huitwa inturusu, yakachemshwa katika sufuria, na mgonjwa akainama juu yake amejifunika blanketi. Wengine huongeza umuravumba au mchaichai. Siku hizi watu hununua pia kichupa kidogo cha mafuta yenyewe. Basi nataka kueleza mambo matatu: mafuta haya ni kitu gani, yanafanya kazi gani, na yanaweza kudhuru namna gani. Jambo la tatu nililijifunza kwa aibu, nami nitalisimulia bila kuficha.

MAFUTA HAYA NI KITU GANI?

Mkaratusi si mti wa asili wa nchi yetu. Asili yake ni Australia. Uliletwa Rwanda katika siku za utawala wa wakoloni, ukapendwa kwa sababu hukua upesi na kutoa kuni na nguzo. Pale Ruhande, karibu na Butare, shamba la majaribio ya miti lilianzishwa mwaka 1934, na mikaratusi ya aina nyingi ipo hapo hata leo.

Chukua jani moja, ulishike mbele ya jua. Utaona vitone vidogo sana vinavyopitisha mwanga. Hivyo ndivyo vifuko vya mafuta. Ukilifikicha jani, vifuko hupasuka na harufu hutoka. Ili kuyapata mafuta hayo kwa wingi, watu hupitisha mvuke wa maji katikati ya majani. Mvuke huyabeba mafuta, kisha hupitishwa katika bomba lililopozwa na kurudi kuwa maji. Mafuta ya mkaratusi ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu na kuchotwa. Huko Australia, Joseph Bosisto alianza kazi hiyo kwa biashara katika miaka ya 1850.

Ndugu zetu wa Pemba wana kazi ya namna hiyo hiyo. Huko Chake Chake kipo kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Lakini mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, nayo huzama chini. Hivyo yote mawili huitwa mafuta, lakini tabia zao ni mbalimbali.

Hapa pana jaribio ambalo kila mwanafunzi anaweza kulifanya. Weka tone moja la mafuta ya kupikia juu ya karatasi, na kando yake tone moja la mafuta ya mkaratusi. Kesho utaona doa la mafuta ya kupikia lipo bado, na lile la mkaratusi limekwisha au limebaki hafifu. Limepanda hewani. Ndiyo maana harufu yake hujaza nyumba nzima, na ndiyo maana lazima kichupa kifungwe vizuri.

YANAFANYA KAZI GANI?

Kitu kikubwa kilichomo katika mafuta ya mkaratusi wa dawa huitwa sineoli. Kinapofika puani huamsha mishipa ya fahamu inayotambua ubaridi. Mtu husikia upepo baridi unaingia, akasema, "Pua imefunguka." Mentoli, iliyomo katika mnanaa, hufanya vivyo hivyo. Lakini wataalamu walipopima hewa inayopita puani baada ya mtu kunusa mentoli, waliona kwamba njia haikupanuka, ingawa mtu mwenyewe aliona nafuu.

Je, nafuu hiyo ni uongo? Hapana. Mtu mzima mwenye mafua akiona nafuu usiku, atalala. Na usingizi ni jambo jema kwa mgonjwa. Lakini tusichanganye nafuu na uponyaji. Mafua huletwa na virusi, nayo huisha yenyewe, mara nyingi kwa muda wa wiki moja au kupita kidogo. Harufu haiui virusi vilivyomo mwilini, wala haiondoi nimonia mapafuni.

KOSA LANGU

Mwaka jana katika likizo ya Julai, mdogo wangu wa miezi 14 alishikwa na kikohozi na homa. Jioni ile Mama alitaka kumwita mshauri wa afya wa kijiji chetu. Mimi nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza. Mambo haya tumeyasoma shuleni." Nilikuwa na kichupa cha mafuta ya mkaratusi, tena nilijivuna kwa kujua yanavyotengenezwa. Mama alinikubalia, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba.

Nikaingiza jiko la makaa chumbani, nikaweka juu yake sufuria ya maji na majani, nikafunga dirisha ili mvuke usitoke. Kisha nikampaka mtoto tone moja chini ya pua. Alipaliwa, akakohoa mpaka akatapika. Nikadhani dawa inafanya kazi. Asubuhi Mama aliamka anaumwa na kichwa, nami vivyo hivyo. Mtoto alikuwa ananukia vizuri, lakini hakutaka uji, na alikuwa akihema mbio.

Mchana Mama hakuniuliza tena. Alimwita mshauri wa afya, mama jirani yetu. Alipoingia, kwanza alifungua dirisha na mlango, akalitoa jiko nje. Kisha akafunua nguo ya mtoto, akatazama kifua chake huku akihesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Zilikuwa 54.

Akasema, "Mwanangu, mtoto wa umri huu akifikisha 40, tayari tunashuku nimonia. Harufu nzuri haiingii mahali pa dawa."

Nikajibu, "Nimekosa, Mama. Sikujua kuhesabu."

"Basi sasa umejua," akasema, "uwafundishe na wenzako."

Alimpa amoksilini, akamwonyesha Mama jinsi ya kuiyeyusha katika maji na kumpa mtoto kwa siku 5 bila kukatiza, tena akarudi kumtazama. Siku ya tatu mtoto aliomba uji. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa maana nilifahamu kwamba usiku mzima wa kungoja ulikuwa kazi yangu.

Kuhusu kichwa kilichotuuma, sisi wa kando ya ziwa hili tungepaswa kuelewa upesi. Upande wa Goma kuna mahali pa mabonde ambapo hutoka hewa ya sumu iitwayo mazuku. Ni kaboni dioksidi, nayo huua mtu na mnyama bila kuonekana. Makaa nayo yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa nyingine, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua vile vile. Nilikuwa nimetengeneza mazuku yangu chumbani mwa mdogo wangu.

KANUNI ZA KUSHIKA

1. Mafuta haya hayanywewi. Hata kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi chaweza kumletea mtoto degedege na kumpotezea fahamu. Kichupa kiwekwe juu, mbali na watoto. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mpeleke mara moja kituo cha afya pamoja na kichupa chenyewe.

2. Usimpake mtoto mchanga wala mtoto mdogo puani au usoni.

3. Mtu mzima akitaka kujipaka kifuani, asipake mafuta matupu, kwa maana huunguza ngozi. Achanganye matone 2 katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Kuyatia katika maji ya kuoga hakufai, kwa sababu hayachanganyiki na maji. Huelea na kugusa ngozi yakiwa makali vile vile.

4. Usimwinamishe mtoto juu ya sufuria ya maji ya moto. Wengi wameungua hivyo. Mtu mzima aweke bakuli juu ya meza imara, na moto uwe umeachwa nje.

5. Jiko la makaa lisilale ndani ya chumba cha watu.

6. Jifunze kuhesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, hatari ni pumzi 60 au zaidi. Tangu miezi 2 hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Tangu mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya na kunywa, au akilegea na kusinzia kuliko kawaida, usingoje hata saa moja.

Ninyi kaka zetu mliomaliza shule, na hasa ninyi mnaokaa Ulaya na Marekani ambako baridi ni baridi kweli na madirisha hufungwa miezi mingi, huko kuna vyombo vya umeme vya kutawanya harufu hizi nyumbani. Kanuni ni zile zile. Mwenye pumu ndani ya nyumba aulizwe kwanza, kwa maana harufu kali yaweza kumbana kifua.

Sisemi tuikate mikaratusi, wala tuwacheke bibi zetu na sufuria zao. Hata leo mimi nikishikwa na mafua huchemsha majani, nikajifunika blanketi, nikafurahi. Lakini nyumbani kwetu aliyesoma husikilizwa kuliko wengine, hata pale anapokosea. Basi, ndugu zangu, mkienda likizo Julai hii, chukueni saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto akikohoa, hesabuni kwanza. Majani yatafuata baadaye.