Haya Ilindayo na Aibu Itengayo



Wengi wetu huchanganya haya na aibu, wakadhani ni kitu kimoja. Haya ni katika imani. Humzuia mtu asitende ovu. Lakini iko aibu imjiayo mtu baada ya kutenda, nayo humfanya awakimbie wale awapendao.

Twatoa mfano ulio karibu nasi. Vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda bara kutafuta kazi katika viwanda vya Thika na Ruiru. Huondoka wameahidi kuwatunza wazee wao. Kazi ikikatika, au mshahara ukipotea katika upuuzi, kijana hunyamaza. Tangu mwaka 2007 fedha hutumwa kwa M-Pesa, basi fedha na salamu hupita katika simu moja. Asiye na cha kutuma huona aibu hata kumwamkia mamake. Idi hii haji, wala ijayo haji. Mama hudhani amesahauliwa, kumbe mwana halali ila anamkumbuka. Kosa lililokuwa la fedha limekuwa la kukata jamaa, nalo ni zito zaidi.

Tuyatazame ya Kaab bin Malik (r.a.). Mwaka wa 9 wa Hijra alibaki Madina asiende Tabuk, hali hana udhuru. Mtume (S.A.W.) aliporudi, wanafiki walileta udhuru wa uongo, Kaab alikwenda akasema kweli. Yeye na wenziwe wawili walitengwa siku 50. Mfalme wa Ghassan alimwandikia barua ya kumwita kwake. Kaab akaitia katika tanuri, wala hakukimbia. Kisha toba yao ikakubaliwa, kama ilivyo katika Sura ya Tawba. Alipoingia msikitini, Talha bin Ubaydillah aliinuka mbio akampa mkono, na jambo hilo Kaab hakulisahau kamwe.

Basi wewe uliyeko Thika au Ruiru, piga simu leo, ingawa mikono ni mitupu, useme kweli. Majuto yakisemwa hukurubisha, yakifichwa hutenga.

Nanyi mlioko nyumbani, kuweni kama Talha. Msianze kwa kuuliza alicholeta, wala msiyafanye makosa yake kuwa mazungumzo ya barazani. Mwana akipokewa kwa masimango, mlango huo hataubisha tena.

Wabillahi tawfiq.