RAM YA KOMPYUTA YA GEMU: USINUNUE KWA KUANGALIA GB TU

Somo la leo ni kwa wewe mwenye kompyuta ya gemu nyumbani, vijana wanakuja kucheza kwa kulipia. Gemu ikikwama katikati, kijana anadai hela yake na kesho anaenda kwa mwingine. Kuongeza RAM kunaweza kusaidia. Ila ukinunua isiyoingia, kutoka huku Masukulu kurudi Mbeya mjini kubadilisha ni nauli nyingine, faida imeishia kwenye gari.

1. JUA MASHINE YAKO INATUMIA RAM GANI. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, pengo la kila moja liko sehemu yake. Usilazimishe, utavunja sloti. Kwenye stika, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Mfano, CPU ya mtumba ya Dell OptiPlex 3020 inatumia DDR3, mwisho GB 16. Piga picha stika ya RAM iliyomo, nenda nayo dukani.

2. ANGALIA WINDOWS. Kama ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata uweke 16.

3. PIMA KWA GEMU UNAYOCHEZESHA. GTA V inaanzia GB 4, inashauriwa 8. FC 24 inaanzia 8, inashauriwa 12, na inataka pia kadi ya grafiki nzuri. RAM haifanyi kazi ya kadi. Kwa kuanzia, GB 8 inatosha wengi.

4. MOJA AU MBILI? Kama huna kadi ya grafiki, picha zinakopa RAM hiyo hiyo. Weka mbili za GB 4 zinazofanana, data inapita njia mbili kwa pamoja na gemu inakuwa laini zaidi. Kama kadi unayo, nunua moja ya GB 8, sloti nyingine ibaki kwa ajili ya kesho.

5. MTUMBA SI MBAYA, ILA IJARIBIWE. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiweke kwenye mashine, aandike mdsched, kipimo cha Windows kiende mpaka mwisho. Dai risiti na siku za kurudisha. RAM ya bei ya kutupa yenye neno "Registered" ni ya seva, kwenye kompyuta ya kawaida haiwaki.

6. SAFISHA KWANZA. Mashine ikilia piipii bila picha, usikimbilie kununua. Huku kwetu mvua na unyevu ni vingi. Zima, chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa ufutio msafi, rudisha.

Mwisho, piga hesabu. Mfano, RAM ni 40,000 na gemu inakuachia 2,000 kwa siku baada ya umeme: ni siku 20 kurudisha hela. Kama huwezi kusubiri hizo siku, mtaji huo peleka kwanza kwenye bidhaa inayotoka haraka.

Mtumie na mwenzako anayetaka kufungua banda la gemu. Biashara njema!