Dondoo muhimu: Kusoma sayari zilizokutana

Mtoto wako alizaliwa Kingerikiti tarehe 21 Desemba 2020, siku sayari Mshtarii na Zohali zilipokaribiana angani kwa sehemu ya kumi ya nyuzi moja? Kabla ya kusoma chati yake ya unajimu wa Kihindi:

• Geuza saa. Saa 2 asubuhi iandike 08:00. Ukikosea kwa saa sita, nyumba (sehemu za chati) huhama kama tatu.

• Kingerikiti isipokuwamo kwenye programu, weka Mbamba Bay, mji wa karibu.

• Chagua mfumo wa Kihindi. Humo sayari hizo ziko nyota ya Mbuzi. Kwa mfumo wa Magharibi, ziko Ndoo.

• Pima nguvu za sayari hizo. Mbuzi ni nyota ya Zohali yenyewe. Mshtarii hudhoofika humo.

• Tazama nyumba ambamo sayari hizo zilikutana: ya 7 ni ndoa, ya 10 ni kazi.

Unajimu ni imani, si sayansi. Usiutumie kumchagulia mtoto shule wala mchumba.