Jinsi Mwangwi Unavyofichua Mimba Iliyotunga Nje

Katika somo la fizikia tulifundishwa kwamba sauti ikigonga ukuta hurudi, na kurudi kwake huitwa mwangwi. Nililikariri jambo hilo kwa ajili ya mtihani tu. Likizo ya Juni iliyopita nikajua kazi yake nyingine, mama mdogo wangu alipokuwa karibu kufa. Najua wako watakaosema haya si maneno ya mvulana. Lakini mimi ndiye niliyekaa benchini nje ya chumba cha picha, na mwenyewe mama mdogo ameniruhusu kuandika.

Alianza kuumwa chini ya tumbo, upande wa kushoto, akatokwa na matone ya damu. Zahanati walimpa dawa za ugonjwa wa mkojo, wakamrudisha nyumbani. Hakuna aliyemwuliza mara ya mwisho alipata siku zake lini. Kesho yake akasema bega linamwuma, nasi tukashangaa: tumbo na bega wapi na wapi? Alipoinuka kwenda uani akaanguka. Baba mdogo akakodi gari mpaka hospitali ya wilaya.

Yai la mwanamke hukutana na mbegu ya mwanamume ndani ya mrija wa uzazi, kisha husafiri siku chache mpaka mji wa mimba, likajishikiza huko. Pengine hukwama njiani, hasa ikiwa mrija una kovu la ugonjwa au la upasuaji. Katika mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya mji wa mimba, na karibu zote hizo huwa mrijani. Mrija ni mwembamba. Mimba ikikua hupasuka, na damu humwagika tumboni ambako jicho haliioni. Damu hiyo ikigusa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mgonjwa husikia maumivu begani. Kumbe bega lilikuwa likisema kweli!

Mashine ya altrasaundi hupeleka mwilini mawimbi ya sauti yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, hali sikio letu halisikii zaidi ya 20,000. Mwilini sauti huenda mita 1,540 hivi kwa sekunde. Chukueni kalamu: mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya 10,000 ya sekunde, sauti imesafiri sentimita 15.4 kwenda na kurudi. Basi kilichoigonga kiko kina cha sentimita 7.7. Kwa hesabu nyingi za namna hiyo mashine huchora picha. Maji, na damu isiyoganda, huonekana meusi, kwa kuwa hayarudishi mwangwi ila kidogo sana. Daktari Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza kazi yao ya kupima matumbo kwa njia hii mwaka 1958.

Mimi nilidhani daktari huutazama mrija, akaiona mimba, basi. Sivyo. Kwanza hutafuta mimba mahali pake. Kwa kipimo kinachoingizwa ukeni, ambacho huona karibu kuliko kile cha juu ya tumbo, kifuko cha mimba huanza kuonekana wiki ya tano hivi, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ikiwa mkojo unaonyesha mimba na mji wa mimba ni mtupu, huenda mimba ni changa mno, au imekwisha kutoka, au iko nje. Picha peke yake haiamui. Hapo hupimwa homoni ya mimba katika damu, na mgonjwa aliye na nguvu hupimwa tena baada ya saa 48 ionekane inapanda vipi. Tena picha yaweza kudanganya: maji kidogo hukusanyika ndani ya mji wa mimba yakafanana na kifuko, na mpimaji mwenye haraka akasema salama. Kifuko cha kweli huthibitika kikionekana ndani yake kifuko kidogo cha kiini, au kijusi chenyewe. Hilo lilinitisha kuliko yote.

Kwa mama mdogo hapakuwa na shaka. Mkojo ulionyesha mimba, mji wa mimba ulikuwa mtupu, kando ya ovari ya kushoto palikuwa na uvimbe, na weusi ulienea nyuma ya mji wa mimba hata kati ya ini na figo ya kulia. Daktari hakungoja homoni wala saa 48. Alimpeleka chumba cha upasuaji saa ile ile. Nilitaka kutoa damu, nikaambiwa miaka 17 haitoshi. Baba mdogo akatoa.

Mrija wa kushoto uliondolewa, wa kulia ukabaki. Siku ya kutoka hospitali daktari alimwambia kwamba akikosa siku zake tena asingoje maumivu, aje kupigwa picha wiki ya sita. Mama mdogo akaniagiza niiandike ile tarehe ya hedhi yake ya mwisho kwenye jalada la daftari la kliniki, kwa wino, nami nikaiandika.