Kwa nini Yesu alilala wakati wa dhoruba?

SWALI: Naongoza kikundi cha kujifunza Biblia, na tumekwama Marko 4:38. Yesu alilalaje wakati chombo kinajaa maji? Je, hakuwajali wanafunzi wake?

JIBU: Msiusome mstari huo peke yake, anzeni 35 mpaka 41. Ilikuwa jioni, Yesu amefundisha umati wa watu, na ndiye aliyesema wavuke. Alilala kwa sababu alichoka kama mwanadamu yeyote. Marko pekee ndiye anayetaja mto aliolalia kule shetri.

Angalieni pia mahali penyewe. Bahari ya Galilaya ni ziwa lililo takriban mita 210 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo hushuka ghafla. Mashua ya kale iliyopatikana ufuoni mwake mwaka 1986 ina urefu wa mita 8 hivi. Katika chombo cha namna hiyo, hata wavuvi wazoefu walikuwa na haki ya kuogopa.

Sasa linganisheni na Mathayo 8:25-26. Kwa Mathayo wanaomba waokolewe, naye anawauliza kuhusu imani yao kabla ya kutuliza upepo. Kwa Marko wanamlalamikia kwamba hajali, naye anatuliza kwanza, ndipo anauliza. Kwa hiyo alijali, hata waliposema vibaya kwa hofu. Wafundisheni wenzenu kwamba sala yenye lawama nayo husikiwa. Kisha mjadili mstari wa 41: kwa nini waliogopa sana hata baada ya maji kutulia?